Tunamfunga Ijumaa

Watu wa mtaa ule walimwita Mizania, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mizania ni ile karatasi ya mwisho ya hesabu za biashara: upande mmoja mali, upande wa pili madeni na mtaji, na pande zote mbili sharti zilingane. Zisipolingana mhasibu hapati usingizi. Basi huyu dada naye alikuwa hivyo hivyo. Nywele zimebanwa nyuma, sketi imenyooka, na mezani kwake hapakuwa na hata pini moja iliyolala vibaya. Ukimwona anavuka barabara ungedhani magari ndiyo yaliyoomba ruhusa.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme, vyumba vitatu na mapokezi. Watu wengi, tuseme ukweli, wanadhani kazi ya mhasibu ni kukaa na kikokotoo akijumlisha mpaka macho yamuume. Waulize waliopanda ngazi zile. Mwenye duka la dawa alipanda akitaka ajaziwe ritani ya kodi tu, akashuka ameambiwa kwamba hasara yake inatoka kwenye dawa zinazoharibika stoo kwa sababu anaagiza kwa mazoea. Mwenye shule alifuata mishahara ya walimu na makato yake, akaishia kutengenezewa bajeti ya mwaka mzima. Ndugu wawili waliotaka kuunganisha maduka yao walikuja hawasalimiani, wakafunguliwa kampuni, wakagawana hisa, wakashuka wanataniana. Mizania aliwaandalia watu hesabu za kuombea mikopo benki, alipanga nani ashike fedha na nani aidhinishe ili wizi usipate mlango, aliingia maghalani akakagua mali kwa macho yake, na alimwambia mtu usoni kwamba biashara anayoipenda inamla. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyompa sifa.

Sasa, kila kazi ina lugha yake. Mafundi magari wana yao, wauguzi wana yao, na wahasibu nao wana yao. Mwaka wa biashara ukiisha, hesabu zake hufungwa: kila kilichoingia na kilichotoka kinawekwa mahali pake, mstari unapigwa, mwaka mpya unaanza safi. Hiyo ndiyo kufunga hesabu, wala haina ubaya wowote. Lakini mtu mwenye kazi nyingi hana muda wa maneno marefu. Mle ofisini walishaacha kusema hesabu za mwenye duka la dawa, wakabaki na mwenye duka la dawa mwenyewe. Yule tumeshamfunga. Huyu hajafungwa bado, risiti zake ziko nyumbani. Mwenye shule tumfunge lini? Walisema hivyo kutwa, wakinywa chai, bila hata kujisikia. Angepita askari nje ya mlango, angeingia kuomba ajira.

Aliyemlea Mizania alikuwa mdogo wa baba yake mzazi, fundi wa makochi. Baba mzazi alifariki binti akiwa bado anatambaa, mama naye hakukaa sana akamfuata, na Baba Mdogo akamchukua mtoto. Kwa kuwa mkewe alikuwa anashinda sokoni, mtoto alishinda karakana, katikati ya mbao, makopo ya gundi na marundo ya sponji. Ndiyo maana mafundi wenzake walimwita Mzee Sponji. Wengine walisema ni kwa sababu ya moyo wake, kwamba ukiubonyeza unarudi vilevile. Binti hakuwahi kumwita Baba Mdogo. Alimwita Baba, basi. Alifanya kazi zake za shule juu ya makochi ambayo hayajavishwa kitambaa, na alipofeli mtihani wa uhasibu mara ya kwanza, kisha mara ya pili, Mzee Sponji alimwambia kwamba hata kochi hufumuliwa likashonwa upya, akalipa ada ya mara ya tatu bila kukunja uso.

Ila mzee alikuwa na mdomo. Si mdomo mbaya, hapana, ni mdomo wa mtu anayependa watu. Mizania alipofungua ofisi, mzee alimtengenezea makochi ya mapokezi, ya rangi ya kahawia, mazuri ajabu. Siku ya kuyaleta akamkuta meneja wa benki amesimama anasubiri. Mzee akamkaribisha akae, akakaa naye, akamsimulia jinsi huyu mhasibu wenu alivyokuwa anakojolea makochi ya wateja, na jinsi yeye alivyolianika moja juani akaliuza hivyo hivyo kwa mtu mmoja mzito, jina tuliache. Meneja alicheka mpaka akatoa kitambaa. Mizania alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile ile akampangia baba yake masharti kama anavyowapangia wateja. Kazini hakuna undugu. Akija ofisini aje kama mteja mwingine yeyote, amwite mhasibu, asubiri zamu yake, na hadithi za zamani azikalie. Aliyasema hayo amesimama, mkono kiunoni, mbele ya mtu aliyemfuta makamasi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema sawa, mwanangu, na tangu siku hiyo hakukosea hata mara moja. Mizania akaona ameshinda. Kama angekuwa anasoma watu kama anavyosoma hesabu, angeshtuka, maana mtu mwenye mdomo namna ile akinyamaza kwa kuambiwa mara moja tu, ujue limemwingia.

Kama mteja, hata hivyo, Mzee Sponji alikuwa balaa. Risiti alizichomeka kwenye mabaki ya sponji, nyingine alizifungia gundi. Mwaka uliotangulia, siku ya kutia saini hesabu zake, aliaga kwamba anafuata mbao, asionekane wiki nzima, na faini ikaja. Mizania alimkalisha chini akamkaripia mbele ya wasaidizi wake wawili. Akamwambia serikali haichezewi, na kwamba watu wanafungwa kwa mambo haya haya. Hapo alitia chumvi makusudi. Kosa lile lilikuwa la faini tu na alilijua. Mzee akainama akatazama viatu vyake. Mizania akajipongeza kwamba leo mzee amesikia.

Mwaka huu hoteli moja mpya ilitangaza zabuni ya makochi ya vyumba vyake vyote, na kila mwombaji alitakiwa kuambatanisha hesabu zilizofungwa na kugongwa muhuri wa mhasibu. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Mzee Sponji aliitaka kazi ile kufa na kupona, kwa sababu karakana ilikuwa imedorora, mafundi wanashinda wanacheza karata, na wawili walikuwa wameshaondoka. Basi Jumatano alikusanya karatasi zake zote kwenye mfuko, akapanda ngazi. Dada wa mapokezi alikuwa ametoka kidogo. Mzee akakaa kwenye kochi lake mwenyewe akasubiri zamu, kama alivyoagizwa.

Kilichotokea hapo Mizania alikuja kukijua baadaye, lakini wewe nakuambia sasa hivi ili tusizungushane. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo, na mzee akaisikia sauti ya binti yake, kavu, ya kikazi:

“Mzee Sponji tunamfunga Ijumaa. Tena asubuhi na mapema. Safari hii hatoroki.”

Wasaidizi wakacheka. Mmoja akauliza vielelezo viko wapi. Mizania akajibu kwamba vielelezo atavileta mwenyewe, na vikishaletwa hana pa kwenda. Aliongea juu ya risiti, jamani, na wasaidizi walijua ni risiti. Lakini mzee aliyekaa pale nje hakuwa mhasibu. Alikuwa mtu aliyewahi kuambiwa na mdomo huo huo kwamba watu wanafungwa kwa mambo haya. Akaona karatasi za zabuni zimefukua kosa fulani ambalo yeye mwenyewe halijui, na binti yake, ambaye kazini hana undugu, ameshikwa na sheria. Akauweka mfuko wa karatasi mezani kwa dada wa mapokezi, akashuka ngazi taratibu, akaenda zake.

Ijumaa ilimkuta Mizania na mambo mawili kichwani. La kwanza dogo: hesabu za mzee zilikuwa zimekamilika tangu usiku wa jana, ilibaki saini yake tu, na simu yake haikupokelewa. La pili kubwa: Mama Malori alikuwa anakuja. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kampuni ya usafirishaji, anatafuta ofisi moja ya kumshikia kila kitu, kuanzia hesabu za kila lori na mishahara ya madereva, kodi, mafuta yanayopotea njiani hakuna ajuaye yanapotelea wapi, mpaka ushauri kama anunue malori mapya au akodi. Ofisi ya Mizania haikuwa imewahi kupata mteja wa ukubwa ule. Aliwaambia wasaidizi wake wavae vizuri, na yeye mwenyewe alivaa viatu vilivyombana.

Mama Malori alifika na wakurugenzi wake wawili, wanaume wenye suti na simu kubwa. Wakakaribishwa kwenye makochi ya kahawia wakati projekta inawashwa ndani. Mizania alikuwa amesimama mbele yao, anatabasamu lile tabasamu lake la kikazi, pale mlango uliposukumwa akaingia Mzee Sponji.

Mungu wangu, namna alivyoingia. Shati lilikuwa limefuliwa, hilo hatukatai. Lakini suruali haikuwa na mkanda, ameishika kwa mkono mmoja isimdondoke. Viatu havina kamba, ndimi zimelala nje, kila hatua vinabaki nyuma kidogo. Mkono wa pili ameshika mfuko wa plastiki, ndani yake taulo, mche wa sabuni na mswaki, vyote vinaonekana. Na nywele zake, kama kawaida, zina nyuzi za kitambaa.

“Nimekuja mwenyewe, mhasibu,” akasema, kwa adabu yote. “Usihangaike kutuma watu.”

Mizania hakuelewa neno hata moja. Alichokiona ni suruali. Aliona macho ya wakurugenzi yakishuka kutoka usoni kwa mzee, yakapita kwenye mkono ulioshika kiuno, yakafika kwenye viatu, yakapanda tena na kumgeukia yeye. Alikasirika, na hasira ile ilikuwa aibu tupu iliyojivika nguo nyingine. Leo, kati ya siku zote. Mama Malori akamtazama mzee, akamtazama yeye, akauliza bila ubaya wowote:

“Huyu ni nani wako?”

Swali rahisi. Mtoto wa chekechea angelijibu. Mizania akafungua mdomo, na mdomo ukatoka na hili:

“Ni fundi wetu wa makochi.”

Haikuwa uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Mzee alisimama kama mtu aliyeitwa jina na kusikia ni la mwingine. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Akamwambia Mama Malori kwamba ndiyo, mama, haya mliyokalia ni ya mkono wangu, na kama kuna springi inayowasumbua mseme tu. Wakurugenzi wakacheka kwa upole. Mizania akasema anaingia kutazama kama chumba kiko tayari, na akaingia upesi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kukutana na macho ya mzee.

Alipotoka akawaingiza wageni, akawaletea chai, akaomba radhi kidogo tu. Saa ilikuwa inakimbia na saini ya zabuni haijapatikana. Akampeleka mzee kwenye chumba cha mafaili, akafunga mlango, tayari kumkaripia kuhusu mkanda. Mzee akauweka mfuko wa plastiki juu ya meza. Akauliza kama ataruhusiwa kumpigia mkewe, Mama Mdogo, simu akishafika huko, maana alimuaga kwamba anafuata mbao na asingependa asikie kwa majirani.

“Ukifika wapi, Baba?”

“Huko mnakonipeleka. Jumatano nilikuwa hapo nje, nilisikia. Ulisema mnanifunga leo.”

Mizania alimtazama. Akautazama mswaki. Halafu likamjia lote kwa pamoja, mlango uliokuwa wazi, vicheko, vielelezo, na akajikuta amekaa bila kujua amekaa lini. Akaanza kumweleza. Si wewe, Baba, ni hesabu. Ni hesabu zako zinafungwa, tunasema tu hivyo, hata mwenye duka la dawa tulimfunga mwezi uliopita na jana alikuwa dukani kwake anauza. Mzee alimsikiliza, uso wake unabadilika pole pole, mpaka alipoelewa. Akaangua kicheko. Alicheka akashika meza, akaisahau suruali, akaiwahi, akacheka tena mpaka machozi yakamtoka. Alisema fundi wake mkubwa ndiye aliyemwambia aache mkanda na kamba, kwamba kule wanavichukua, bora ufike umejiandaa. Mizania naye akacheka. Kwa muda ule mfupi chumba kile cha mafaili kilikuwa karakana, na yeye alikuwa mtoto.

Angeishia hapo angekuwa salama. Lakini akauliza:

“Na wewe ukaamini? Mimi nikufunge wewe?”

Mzee akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Hakujibu kwa ubaya. Alisema binti mwenyewe si ndiye aliyemwambia kwamba kazini hakuna undugu, basi akajua sheria imemkaba binti na hana la kufanya. Alisema usiku kucha alikuwa anamuonea huruma yeye, siyo nafsi yake, kwamba atawatuma vipi askari nyumbani kwao, atamtazama vipi Mama Mdogo. Ndipo akaona bora aje kwa miguu yake, ili binti asiadhirike.

Mizania alikuwa amezoea kuona aibu kwa ajili ya mzee, aibu ya gundi na nyuzi na hadithi za kukojoa, na kwa aibu hiyo alikuwa na masharti yake. Hii ilikuwa nyingine, na ilimlenga yeye. Mtu aliyemlea alikuwa amemtazama miaka yote hiyo, akapima, akaona kwamba ndiyo, huyu anaweza kunifunga. Na bado akaja. Alisukuma karatasi mbele ya mzee, akamwonyesha pa kutia saini, akagonga muhuri, na msaidizi mmoja akatumwa hotelini na bahasha kabla ya saa sita. Lile jingine, lile la mapokezi, hakuna aliyeligusa. Mzee akachukua mfuko wake, akamwambia awahi wageni wake, asiwaweke.

Akawawahi. Chumbani projekta ilikuwa inaonyesha ukutani orodha ya huduma za ofisi, herufi kubwa za bluu, na Mizania akashika kile kifimbo chake cha kuonyeshea. Kabla hajatamka neno, Mama Malori akaweka kikombe chini.

“Yule fundi wako amenirahisishia kazi,” akasema. “Ulipoingia ndani nilimuuliza kama anakujua vizuri. Akasema anakujua kikazi tu, nje ya kazi hakujui. Lakini akasema unatenda haki, kwamba hata mzazi wako akikosea, humpendelei.”

Aliyasema kama sifa. Wakurugenzi wakatikisa vichwa, na mmoja akasema ofisi ya namna hiyo ndiyo wanayoitafuta. Mizania akashusha kifimbo. Mzee alikuwa ameusikia uongo wake, akauokota, akamsaidia kuubeba, hali akiamini kwamba baada ya hapo anakwenda jela.

“Yule ni baba yangu,” akasema.

“Kweli kabisa,” akaitikia mkurugenzi mmoja kwa ukunjufu. “Wazee kama wale ni baba zetu sote.”

Lugha yetu hii ina wema ambao siku nyingine unamkaba mtu. Kila mwenye mvi ni baba, kila mwenye kanga na mkoba ni mama, heshima inamwagwa bure kama maji. Mizania alikuwa ametoa neno lililobeba ukweli wake wote, na kwao likapita kama adabu ya kawaida. Njia ilikuwa imefunguka. Amesema, wao hawakuelewa, kosa la nani? Angeweza kugeuka ukutani akaanza na huduma ya kwanza. Lakini alikuwa mhasibu, na wahasibu wanazijua taarifa za namna hiyo, zile ambazo kila tarakimu ni sahihi na anayesoma anaondoka amedanganywa. Wateja wangapi aliwarudishia karatasi zao kwa kosa hilo?

“Si baba wa heshima,” akasema. “Ni mdogo wa baba yangu. Amenilea tangu natambaa. Niliona haya mbele yenu kwa jinsi alivyovaa, nikasema fundi.”

Mkurugenzi yule wa baba zetu sote akaanza kukoroga chai ambayo ilishakwisha. Mizania alisimama ameshika kifimbo, machozi yamejaa na hayataki kuanguka, anangoja kusemwa. Alitaka asemwe. Mama Malori alimtazama, wala usoni hakuonyesha kwamba atampa kazi au atamnyima.

“Na sisi unatuambia ili tufanye nini?” akauliza.

“Ili mjue.”

“Tumejua. Sasa kamwambie yeye.”

Mizania aliweka kifimbo mezani. Alishuka ngazi akiwa amevua vile viatu vilivyombana, amevishika mkononi, dada wa mapokezi anamkodolea macho. Mzee hakuwa amefika mbali. Alikuwa chini mbele ya duka la vifaa vya umeme, amesimama kwenye jua kali, anajifunga kiunoni kipande cha waya mwekundu alichoomba kwa mwenye duka. Mwenye duka alikuwa anamtania kwamba asiguse swichi. Mzee alipomwona binti yake miguu mitupu, alitazama juu dirishani kwanza, kuhakikisha wageni hawawaoni.

“Rudi ndani,” akamwambia. “Watakukuta na mimi.”

“Nimewaambia, Baba.”

“Umewaambia nini?”

“Kwamba wewe ni baba yangu. Kwamba umenilea.”

Mzee akakaza fundo la waya. Akasema basi amemfanya yeye muongo, maana yule mama alimuuliza na akamuapia. Mizania akaomba msamaha. Aliomba pale pale njiani, mbele ya mwenye duka na wapita njia, kwa sauti iliyosikika, na aliomba vibaya, maneno yakigongana, masharti, meneja wa benki, yale makaripio ya mwaka jana, vyote kwa pamoja. Alingoja mzee atie utani. Siku zote hapo ndipo alipotia utani, na mambo yakaisha.

Mzee hakutia. Aliuinua ule mfuko wa plastiki, akautazama, taulo na sabuni na mswaki, akamtazama binti yake.

“Kufungwa nilikuwa nimejiandaa, mwanangu,” akasema. “Hilo la fundi wa makochi ndilo sikulibebea kitu.”